Mtu wa Tatu Katika Barua

Katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, nchini India, zimo barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711. Ni barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na ndizo maandishi ya kale zaidi ya lugha yetu yanayojulikana. Walioziandika hawakuwa na nia ya kuwaachia wajukuu kumbukumbu. Walikuwa na haja zao za siku ile: walikuwa wakiwasiliana na Wareno wa Msumbiji na watu wa pwani waliokuwa upande wa Wareno. Miongoni mwa waliohusika na barua hizo ni mtawala mwanamke wa Kilwa, Mfalme Fatima. Barua zikasafiri baharini, zikapokelewa, zikasomwa. Kisha, kwa kuwa serikali ya Wareno katika Bahari ya Hindi ilikuwa na makao yake Goa, zikaishia huko, katikati ya makaratasi mengine ya ofisi.

Aliyezipanga kwenye rafu hatumjui. Huenda hakuelewa neno hata moja la yaliyoandikwa. Lakini hakuzitupa, na kwa sababu hiyo Mswahili wa leo anaweza kuuona mwandiko wa watu wa Kilwa waliokufa zamani sana kabla hajazaliwa.

Watu husema barua ni siri ya wawili, anayeandika na anayeandikiwa. Mimi nimeishi na barua za watu kwa muda mrefu, za ukoo wangu na za wengine, na sijaona hata moja iliyokuwa ya wawili tu. Daima yupo wa tatu. Yupo aliyeshika kalamu kwa niaba ya mwenye maneno. Yupo aliyeibeba. Yupo aliyemsomea asiyejua kusoma. Yupo aliyeifungua kwa amri ya serikali. Yupo aliyeitia kwenye sanduku la bati akakataa kuichoma. Huyu wa tatu ndiye huwaunganisha watu ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kujuana, na ndiye wa kwanza kusahaulika. Sura hii ni yake.

Aliyeshika kalamu

Mwaka 1858, huko Lamu, mwanamke mgonjwa alimwita binti yake. Mwanamke huyo ni Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu. Ugonjwa ulikuwa umemshika kwa muda wa mwaka mzima. Binti yake, Mwana Hashima, alikuwa na umri wa miaka 17 hivi. Mwanzoni kabisa mwa utenzi wake mama anamwambia mtoto asogee, akae, na aje na wino na karatasi, kwa maana ana jambo moyoni. Yanayofuata ni mawaidha ya mama kwa mwana kuhusu dini, adabu, nyumba na mume, kisha dua ndefu.

Mtu akiusoma utenzi huo leo anaweza kubishana na mengi, hasa yale yanayohusu utii wa mke, na wasomi wamebishana kweli. Kinachonishika mimi ni jinsi ulivyoanza. Ulikuwa wasia wa mama mmoja kwa binti mmoja, chumbani, mgonjwa na mwuguzi wake. Lakini kabla ya kumaliza, Mwana Kupona anawageukia wanawake wote na kuwataka wausome. Alijua kwamba maneno aliyompa Mwana Hashima yatatoka mlangoni. Yalitoka kweli. Yalinakiliwa kwa mkono nyumba kwa nyumba, yakahifadhiwa vichwani, na mwaka 1934 yakapigwa chapa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Leo hakuna anayesoma fasihi ya Kiswahili kwa dhati asiyekutana na binti yule aliyeambiwa alete karatasi.

Sasa vuka bahari kidogo uende Unguja, katika miaka ileile. Katika kasri la Mtoni alizaliwa mwaka 1844 Salme, binti wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar na Oman. Watoto wa kike wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hakukuwa kwao. Salme akajifundisha kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao wanafunzi waliutumia kama ubao, akawa ananakili herufi za msahafu mpaka mkono ukazoea.

Ujuzi ule ulimtia katika mambo makubwa kuliko umri wake. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alipofanya njama ya kumpindua ndugu yao, Sultani Majid, waliokuwa katika njama walihitaji mtu wa kuandika barua zao, na mtu huyo akawa Salme, msichana wa miaka 15. Njama ilishindwa na Barghash akapelekwa Bombay. Salme akabaki na uzito wa kumgeukia ndugu aliyempenda, na alikuja kuandika juu ya jambo hilo kwa majuto.

Mwaka 1866 aliondoka Zanzibar, na mwaka uliofuata, huko Aden, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete. Akawa Emily Ruete. Mume akafa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, na mama akabaki katika nchi ya baridi na watoto watatu wasiojua walikotoka upande wa mama. Kwa ajili yao alianza kuandika kumbukumbu za utotoni mwake. Alizichapisha Ujerumani mwaka 1886. Leo Mzanzibari anayetaka kujua watu wa Mtoni walikuwa wakila nini, wakilala vipi, sikukuu zao zikoje, hurudi kwenye kitabu kilichoanza kama maelezo ya mama kwa watoto wake watatu waliokulia Ulaya.

Kuna uhusiano kati ya wanawake hawa wawili ambao hutajwa mara chache. Bwana Mataka, mume wa Mwana Kupona, alipigana na majeshi ya Seyyid Said. Yaani baba wa Mwana Hashima na baba wa Salme walikuwa maadui vitani. Mabinti wao, waliopishana miaka michache tu, hawakupata kuonana kwa kadiri tunavyojua. Lakini vita vya Siyu vimebaki kuwa habari ya wanahistoria, na maandishi ya nyumba zote mbili yanakaa kwenye rafu moja katika maktaba. Tunamfahamu mama mgonjwa wa Lamu na mjane wa Hamburg kwa sababu ileile: kila mmoja alikuwa na watoto aliotaka wamjue, akawaandikia wao kwanza.

Hapa pana somo kwa kila anayeandika. Anayewaandikia watu wote huogopa kutaja vitu vidogo, akaishia kwenye maneno makubwa yasiyomgusa yeyote. Anayemwandikia mwanawe hutaja jina la mto, bei ya nguo, harufu ya chumba, kwa kuwa anajua mwanawe atauliza. Na vitu vidogo hivyo ndivyo mgeni wa baada ya miaka 150 hushika kama mkono alionyooshewa.

Aliyebeba

Katika nchi zetu barua haikufika mlangoni. Ilifika kwenye sanduku la posta, na sanduku lenyewe mara nyingi halikuwa la mtu. Lilikuwa la shule, la misheni, la zahanati, la ofisi ya kata, la duka kubwa mjini. Ndiyo maana bahasha za zamani zina anwani ndefu: jina la mtu, kisha kupitia kwa Mwalimu Mkuu, kisha S.L.P. na namba, kisha mji. Barua moja ilipita kwa karani wa posta, kwa mwalimu aliyekwenda kuchukua mshahara, kwa mwanafunzi wa kijiji husika aliyeitwa mbele ya mstari wa asubuhi, mpaka kwa mwenyewe shambani. Kijiji kizima kilijua kwamba fulani ameandikiwa. Muhuri wa posta ulionesha barua imetoka wapi, na unene wa bahasha ukaonesha kama ndani mna picha.

Na zilikuwepo barua za mkono. Hizi hazikuwa na stempu. Zilipewa dereva wa basi, utingo wa lori, nahodha wa jahazi, au abiria yeyote mwenye uso wa kuaminika pale stendi. "Kaka, unashukia Muheza? Basi ukifika mwulize mtu yeyote duka la mzee fulani, umwachie hii." Mtu aliyeombwa hivyo hakumjua aliyetuma wala aliyetumiwa. Alikubali kwa sababu jana yeye ndiye aliyeomba. Wengi walifika duka hilo, wakapewa kiti, maji na chai, wakaulizwa habari za huko walikotoka, na wakatoka wakiwa wamepata mwenyeji katika mji ambao asubuhi hawakuwa na mtu.

Hata lugha ya barua zetu ilijengwa kwa kumjali mpitaji huyu. Kila aliyesoma shule ya msingi anaikumbuka: ama baada ya salamu, mimi huku sijambo, hofu ni juu yako wewe uliye mbali nami, madhumuni ya barua hii ni kukujulisha kwamba. Vijana wa leo huyaona maneno hayo ni ya kukariri. Yalikuwa na kazi. Barua ilikuwa ikisomwa mbele za watu, na salamu zile ziliwapa wote waliokuwepo nafasi ya kukaa vizuri kabla ya habari yenyewe. Na mwishoni, pale mwandishi alipotaja majina ya kusalimiwa, kila aliyetajwa alijua amekumbukwa, na asiyetajwa naye alijua.

Aliyesoma kwa sauti

Nilikuwa mmoja wa watoto waliokuwa wakiitwa kusoma barua. Jirani yetu alikuwa bibi mmoja ambaye mwanawe alifanya kazi mbali, kwenye mashamba ya mkonge. Ikifika barua, bibi alinisubiri nitoke shule.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Nawa mikono kwanza."

Alitandika mkeka, akaketi ameegemea ukuta, akanipa bahasha ambayo hakuruhusu mtu aichane; niliifungua kwa kisu, taratibu, pembeni. Kisha nilisoma. Alitaka nisome yote, hata tarehe. Siku moja nilifika mahali mwanawe alipoandika kwamba mkewe amerudi kwao na hatarudi tena. Nikanyamaza.

"Umenyamaza nini?"

"Maandishi hayaonekani vizuri, bibi."

"Yanaonekana. Soma kama alivyoandika. Ukiruka wewe, nitajuaje la kumjibu?"

Nikasoma. Akanyamaza kitambo, akaniambia nisome tena kuanzia mwanzo, kwenye salamu. Nadhani alitaka kusikia kama katika sijambo ile ya mwanzo kulikuwa na uchungu. Kisha tukajibu. Yeye alisema, mimi nikaandika, na aliniambia wazi la kuacha: nisitaje kwamba mguu unamsumbua, nisitaje kwamba mbuzi mmoja amekufa. "Mwambie ale. Mwambie asimtukane mke wake mbele za watu. Mwambie nyumba ipo."

Mwanawe alipokuja likizo alipita nyumbani kwetu, akamwomba baba amwone mtoto anayeandika. Alinipa mkono kama anavyopewa mtu mzima. Alisema alikuwa anaujua mwandiko wangu kuliko wa ndugu zake, na kwamba siku herufi zangu zilipobadilika, nilipoanza kuandika kwa kuunganisha, alidhani mama yake amepata mwandishi mwingine, akakosa raha. Watu wawili wasiowahi kuonana walikuwa wamelea mazungumzo ya familia moja kwa muda wote huo. Toka siku ile nimekuwa nikimwita kaka, na watoto wake huniita baba mdogo. Udugu huu hauna damu wala ndoa. Ulianzia mkekani kwa bibi.

Watoto wa namna hiyo walikuwa katika kila mtaa, kwa kuwa watu wazima wengi hawakupata shule. Sensa ya Tanzania Bara ya mwaka 1967 ilionesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya kisomo ikaingia vijijini: jioni, chini ya miembe, kwenye majengo ya shule baada ya watoto kuondoka. Serikali ilizungumzia kilimo bora, afya na siasa ya nchi. Akina mama wengi walikuja na sababu yao pia, na walikuwa wakiisema bila aibu: wanataka kusoma wenyewe barua za waume na watoto wao, ili mambo ya ndani yasipite kwa mtoto wa jirani.

Walikuwa na haki. Mtu wa tatu si mwema daima. Wapo waliosoma barua wakaenda kuzitangaza kisimani. Wapo walioandika tofauti na walivyoambiwa. Kujua kusoma kuliwapa akina mama hao faragha ambayo hawakuwahi kuwa nayo, na huo ni ushindi mkubwa usiopaswa kupunguzwa kwa kuyatamani ya zamani. Ninachosema ni kwamba kazi ile iliyokuwa ikifanywa na mtoto, kazi ya kushuhudia maisha ya mwingine kwa karibu na kuyabeba kwa uaminifu, haikuwa na mrithi.

Aliyefungua kwa amri

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, maelfu ya vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walipelekwa Asia. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambamo vikosi vya King's African Rifles (KAR) vilikuwa nguzo, ilipita bonde la Kabaw nchini Burma mwaka 1944, katika mvua na matope, ikaelekea mto Chindwin. Kiswahili kilikuwa lugha kuu ya jeshi hilo, na askari waliandika nyumbani. Aliyejua kuandika aliwaandikia wenzake wasiojua, jioni, mmoja baada ya mwingine.

Barua hizo zilipita kwa wakaguzi wa jeshi. Kazi yao ilikuwa kuhakikisha askari hasemi yuko wapi, na kuwaarifu wakubwa kama kuna manung'uniko. Walisoma, wakafuta walichotaka kufuta, wakaandika taarifa za muhtasari juu ya yaliyo mioyoni mwa askari. Ulikuwa upelelezi, na aliyeandika kwa mke wake hakuomba ofisa amsome.

Lakini barua nyingi zenyewe zimepotea. Nyumba zimeungua, mchwa wamekula, wenyewe wamekufa. Taarifa za wakaguzi zimebaki kwenye majalada, na kwa njia hiyo wanahistoria wamejua yaliyowasumbua wanaume wale waliokuwa mbali na kwao: mshahara usiolingana na wa wengine, wasiwasi juu ya wake, na swali la watapata nini wakirudi. Mkono uliokusudia kuwanyamazisha ndio uliotuletea sauti zao. Hilo halimtakasi mkaguzi. Linatuonesha tu kwamba maneno yakishaandikwa hupata njia ambazo mwenyewe hakuzipanga, na kwamba anayemwandikia mkewe usiku mmoja Burma anaweza kuwa anamjibu mwanafunzi wa chuo kikuu wa miaka 80 baadaye.

Aliyetunza

Shaaban Robert anajulikana kwa tenzi, insha na riwaya. Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga, akafanya kazi ya ukarani serikalini kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1962. Alikuwa mtu wa kuandikia familia: binti yake alimtungia Utenzi wa Hati, mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Na alikuwa na mdogo wake, Yusuf Ulenge, aliyekuwa akimwandikia barua.

Barua hizo zinaanzia mwaka 1931 na kuishia 1958. Ndani ya muda huo dunia iliingia vitani na kutoka, na Tanganyika ikakaribia uhuru. Karani alihamishwa vituo. Karatasi zile zingeweza kupotea katika hama yoyote. Hazikupotea. Mwaka 2002, miaka 40 baada ya kifo chake, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilizichapisha zikiwa kitabu, kikihaririwa na Profesa M. M. Mulokozi. Kwa mara ya kwanza wasomaji waliomjua Shaaban Robert kama jabali walimwona akiwa kaka: mtu mwenye kazi, gharama, jamaa na miswada ya kushughulikia kama mwandishi mwingine yeyote.

Heshima yetu yote huenda kwa aliyeandika. Mimi naona nusu ya heshima hiyo ni ya aliyepokea na kuzithamini barua za ndugu yake tangu alipokuwa karani kijana ambaye jina lake halijavuma. Kumtunzia mtu maneno kabla dunia haijajua thamani yake ni mapenzi ya hali ya juu.

Hata Salme aliacha maandishi mengine mbali na kitabu cha mwaka 1886. Aliandika juu ya maisha yake ya Ujerumani kwa umbo la barua kwa mtu wa nyumbani Zanzibar. Hazikuchapwa wakati wa uhai wake. Alikufa mwaka 1924, na barua hizo zikatolewa kitabuni mwaka 1993, baada ya kupita katika mikono ya familia na ya maktaba. Humo upweke wake unaonekana wazi kuliko katika kitabu chake cha kwanza, kwa sababu hapa alikuwa akizungumza na mtu mmoja wa kwao.

Aliyetaja majina redioni

Kabla ya simu za mkononi kuenea, barua fupi kuliko zote Afrika Mashariki ilikuwa kadi ya salamu. Ilinunuliwa, ikajazwa kwa kalamu, ikapelekwa kituo cha redio. Ilikuwa na jina la mtumaji na mahali alipo, orodha ya majina ya wanaosalimiwa, na mstari mmoja wa ujumbe, mara nyingi methali au mzaha. Mtangazaji aliisoma hewani kati ya wimbo na wimbo.

Kwa mtu asiyezoea, ilikuwa orodha tu ya majina. Kwa waliokuwa wakisikiliza, ilikuwa daftari la nchi. Ulisikia jina la fulani wa Kigoma jioni baada ya jioni, ukajua watoto wake wanaitwa nani, ukajua yupo kwa kuwa ametuma. Akinyamaza wiki kadhaa, watu wasiowahi kumwona walianza kuulizana kwa kadi: fulani wa Kigoma, uko wapi? Watuma salamu wakaunda vyama, nchini Tanzania na Kenya. Wakatembeleana. Wakachangiana harusi na misiba. Walioandikiana majina tu walisafiri usiku kucha kwenda kumzika mwenzao, wakafika wakajitambulisha kwa wafiwa kwa yale majina yao ya redioni, na wafiwa wakalia upya kwa kugundua kwamba marehemu alikuwa na ndugu wengi kiasi hicho.

Niliwahi kusikia wasomi wakizidharau salamu hizo kuwa ni upotezaji wa muda. Sikubaliani nao hata kidogo. Mkulima aliyetumia senti zake kuandika majina ya watu, ili wasikie kwamba yupo anayewakumbuka, alifahamu kazi ya maandishi kuliko wengi wenye shahada.

Yaliyo mikononi mwetu

Leo tunaandika kuliko kizazi chochote kilichotutangulia. Tunatuma ujumbe kwa simu asubuhi hadi usiku, na unafika papo hapo, kwa mhusika mwenyewe, bila karani, bila utingo, bila mtoto wa darasa la nne. Ni neema, na mama mwenye mtoto aliye Muscat au London anajua hivyo. Lakini simu ikiibwa au ikifa, mazungumzo ya miaka mara nyingi hupotea nayo. Hakuna aliyeyabeba, hakuna aliyeyasikia, hakuna aliyeyaweka sandukuni. Tumemwondoa mtu wa tatu, na pamoja naye tumeondoa aliyekuwa akitutunzia.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji, ufanye mambo manne. La kwanza, mwandikie mtu mmoja unayempenda barua ya karatasi, umweleze siku yako kama ilivyo: ulichokula, bei ulizokuta sokoni, nani aliuliza habari zake. Usitafute maneno makubwa. La pili, kama nyumbani kwenu kuna mzee asiyeweza kuandika, keti naye, yeye aseme na wewe uandike, wala usimsahihishe. La tatu, fungua lile sanduku la bati kabla wengine hawajalichoma wakisafisha nyumba baada ya msiba. Soma kwa adabu. Kilicho siri ya aliye hai kirudishe kwake. Kinachoweza kuhifadhiwa kihifadhi, na chenye uzito kwa jamii kipeleke kwenye nyaraka za taifa au chuo kikuu, ambako wapo watu waliosomea kazi ya kukitunza.

La nne ni dogo kuliko yote, na ndilo tunaloliacha zaidi. Kila unachoandika, na kila picha unayoiweka, weka tarehe, taja mahali, andika majina kamili ya watu. Usiandike "mimi na shangazi." Anayekuja kusoma hatajua wewe ni nani wala shangazi ni yupi, na wakati huo hatakuwepo mtu wa kumwuliza.